Mkono wa mkunga haufundishwi kwa slaidi

Mhariri,

Tangazo huingia kwenye simu likiwa na picha ya tumbo la mjamzito na mikono miwili juu yake: kozi ya saikolojia ya mtoto aliye tumboni pamoja na tiba ya kupitia mwili (kutuliza akili kwa pumzi, misuli na mguso), siku mbili, kwa mtandao, cheti kwa barua pepe. Wanaoilipia ni manesi, wakunga, wanasihi na walimu wa mazoezi, na siku hizi hata masomo wa unyagoni na makungwi wanaotaka kwenda na wakati. Sisi ni wakufunzi wa ukunga na unasihi. Somo hili tunalipenda na tungefurahi lipewe saa nyingi zaidi vyuoni. Tunachogombea ni namna linavyouzwa: maneno tele bila mazoezi ya mikono, na madai ambayo hakuna anayeyawekea mpaka.

Tuanze na mtoto, maana habari zake ndizo zinazotiwa chumvi zaidi. Kati ya wiki ya 24 na ya 28 ya mimba huanza kuitikia sauti. Mwaka 1980, Anthony DeCasper na William Fifer wa Marekani walionyesha kwamba mtoto ambaye hajatimiza siku 3 hubadili mwendo wa kunyonya chuchu bandia ili asikie sauti ya mama yake, si ya mama mwingine. Mwaka 2001, Julie Mennella na wenzake waliwanywesha wajawazito maji ya karoti katika miezi 3 ya mwisho. Watoto wao, walipoanzishiwa chakula, hawakuukunjia sura uji wenye ladha ya karoti kama walivyofanya wenzao. Hayo yamepimwa, na mkunga anayafanyia kazi: amhimize mama azungumze na mtoto, na asimruhusu mtu kuliosha titi kwa sabuni kabla ya mtoto kunyonya mara ya kwanza, kwa kuwa mtoto hulifuata kwa pua.

Lakini huko ni kuzoea. Kukumbuka kisa ni jambo jingine kabisa. Mtu mzima kwa kawaida hana kumbukumbu ya matukio ya miaka yake miwili mitatu ya mwanzo, seuze ya saa aliyopita kwenye njia ya uzazi. Wazo kwamba hofu zetu zote zina mzizi katika kuzaliwa liliandikwa na Otto Rank huko Vienna mwaka 1924, na tangu hapo limekuwa likirudi na nguo mpya. Mkufunzi anayewalaza wanafunzi chini na kuwaambia "rudi ulipozaliwa" anavuna alichopanda yeye mwenyewe, maana mtu aliyelegea na kuhimizwa atatoa picha, na picha hiyo ataiamini.

Kuna namna mbaya zaidi. Colorado, Marekani, Aprili 2000, mtoto wa kike wa miaka 10 alifungwa ndani ya shuka, watu wazima wakamkandamiza kwa mito na miili yao ili "azaliwe upya". Alisema hawezi kupumua. Kikao kilichukua zaidi ya saa nzima na mtoto akafa kwa kukosa hewa. Watoa tiba wawili walihukumiwa miaka 16 jela kila mmoja, na mwaka 2001 jimbo hilo likapitisha sheria ya kupiga marufuku mbinu hiyo. Kisa hiki kinatakiwa kusomwa darasani siku ya kwanza, kabla ya jambo lolote la kupendeza. Chochote kinachomzuia mtu kusogea au kupumua, au kinachohesabu "acha" yake kuwa sehemu ya tiba, hakina nafasi.

Dai la pili ni la kimyakimya ila linaumiza wengi zaidi: kwamba kila wazo baya la mama linamchoma mtoto tumboni. Msongo mzito wa muda mrefu una madhara na unastahili matibabu, hilo halina ubishi. Kumwambia mjamzito ambaye mumewe amemkimbia kwamba machozi yake yanamharibu mtoto ni kumwongezea mzigo mtu aliyekwisha kulemewa, na ukoo unaotafuta wa kumlaumu hauhitaji msaada wa mnasihi.

Sasa mikono. Saa ya kwanza baada ya kuzaliwa ndiyo darasa bora la somo hili, kwa sababu saikolojia na mwili viko mahali pamoja na makosa yanaonekana kwa macho. Mtoto anayelia na kupumua vizuri akaushwe kwa nguo kavu, nguo iliyolowa iondolewe, alazwe kifudifudi, uchi, kifuani kwa mama asiye na nguo juu. Kichwa kimegeuzwa upande, pua iko wazi, shingo haikukunjwa. Kofia kichwani, khanga kavu mgongoni. Sindano ya oksitosini, dawa ya kubana mfuko wa uzazi, ya uniti 10 mama anachomwa huku mtoto akiwa palepale, kitovu kinasubiri dakika 1 hadi 3 kabla ya kukatwa, na kondo hutolewa bila kumsogeza mtoto. Asiyepumua hana habari na haya yote: dakika ya kwanza haipiti kabla hajaanza kupewa hewa kwa mfuko na barakoa.

Mtafiti wa Sweden, Ann-Marie Widström, pamoja na wenzake walizipanga hatua 9 anazopitia mtoto akiachwa kifuani: hulia, hutulia, huzinduka, huchangamka, hupumzika, hutambaa, huzoeana na titi kwa kulamba na kugusa, hunyonya, hulala. Mwanafunzi azijue kwa kumtazama mtoto halisi kwa saa nzima akiwa na karatasi na saa ya ukutani, mikono mgongoni. Zoezi hili linawashinda wengi. Dakika ya 20 mtoto anapopumzika, mwanafunzi hudhani amekwama, humshika kisogo na kumsukumia titini. Mtoto hujipinda nyuma na kulia, mama huamini amemkataa, na siku ya pili chupa inanunuliwa. Kumbe kupumzika ni hatua, na baada yake kunakuja kutambaa.

Kinachoivunja saa hii wodini mara nyingi ni mizani. Uzito unatakiwa uandikwe kwenye fomu, basi mtoto ananyanyuliwa dakika ya 10. Uzito, vitamini K na dawa ya macho vinaweza kungoja hadi anyonye. Kosa la upande wa pili ni kumwacha mama peke yake: amechoka, pengine amechomwa pethidini ya kupunguza maumivu, anasinzia, na pua ya mtoto inazama kwenye titi. Kila dakika 15 mtu apite aangalie rangi, pumzi na shingo. Mama akisinzia na hakuna wa kukaa naye, mtoto alazwe pembeni. Kwa aliyepasuliwa, mtoto hulazwa akikingama juu ya matiti, na mtu mmoja hana kazi nyingine ila kumtazama yeye.

Kwa watoto njiti hakuna wa kubishana na ushahidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania kwa watoto wa kilo 1 hadi chini ya 1.8, ulionyesha kuwa walioanza kumbatio la kangaruu, yaani kufungwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa walikufa asilimia 12.0 ndani ya siku 28, na waliosubiri kwanza watengemae walikufa asilimia 15.7. Darasani tunatumia mwanasesere wa kitambaa aliyejazwa mchanga wa kilo 1.5. Kila mwanafunzi anamfunga kifuani na kutembea naye nusu saa, kupanda ngazi, kukaa, kunywa chai. Mtoto akae wima katikati ya matiti, miguu imekunjwa kama ya chura, ukingo wa juu wa khanga chini kidogo ya sikio. Sehemu ya khanga inayobana ipite kifuani kwa mtoto, isipite tumboni, kwa kuwa mtoto mchanga hupumua kwa tumbo. Anayefunga kama anavyofunga mbeleko ya mgongoni hulibana tumbo, tena fundo hulegea baada ya ngazi ya tatu na kichwa cha mwanasesere huanguka mbele. Ni afadhali kichwa hicho kianguke darasani.

Upande wa mama, Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea, wajawazito 15.6 kwa kila 100 na waliojifungua 19.8 kwa kila 100 hupata maradhi ya akili, hasa sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka. Ila usimsubiri mama aseme "nina sonona". Atasema ana mawazo mengi. Atasema kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio, kifua kimebana, mwili hauna nguvu, usingizi umekimbia hata mtoto akilala. Lugha yetu inaiweka huzuni mwilini, na hapo ndipo tiba ya kupitia mwili inapopata mlango wa kuingilia hata bila kufundishwa istilahi. Hapo pia ndipo mtego ulipo. Moyo kwenda mbio na kuchoka kunaweza kuwa upungufu wa damu. Kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu na maumivu chini ya kifua kunaweza kuwa dalili za kifafa cha mimba. Pima presha, angalia wingi wa damu na mkojo, ndipo umwambie apumue. Kozi isiyowafundisha wasio wauguzi dalili hizi inawatuma gizani.

Dodoso linalotumika zaidi kupima sonona ya mama ni lile la Edinburgh la mwaka 1987: maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, kila jibu alama 0 hadi 3, jumla 30. Vituo vingi humwangalia zaidi mama kuanzia alama 10 au 13. Tafsiri za Kiswahili zipo, na makosa yake yanajulikana. La kwanza ni hesabu: maswali ya 1, 2 na 4 huanza na 0 juu, yaliyobaki huanza na 3. Mwanafunzi anayeyajumlisha yote kwa mtindo mmoja hupata mama mzima aliye mgonjwa na mgonjwa aliye mzima. La pili ni lugha. Swali la 6 kwa asili lina nahau ya Kiingereza yenye maana ya kulemewa na mambo. Ukiitafsiri neno kwa neno, mama anaulizwa kama vitu vinampanda juu, naye kwa adabu anajibu hapana. Uliza kama mambo yanamzidi. La tatu ni mahali: mama akiulizwa mbele ya mama mkwe, kila jibu ni sifuri.

Swali la 10, la kujidhuru, halisubiri jumla. Jibu lolote lisilo sifuri linafungua mazungumzo palepale: je, amefikiria namna gani, ana kifaa, nani yuko naye nyumbani usiku, je, wazo hilo linamhusu na mtoto. Mama hubaki na mtu hadi akabidhiwe kwa daktari. Wanafunzi huliogopa swali hili kwa kudhani litamtia mama wazo ambalo hakuwa nalo. Halimtii. Kinachomfunga mdomo ni woga wa sheria. Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kinapingana na Katiba. Kwingine kanuni za adhabu bado zina kifungu cha namna hiyo, na mama anayejua hivyo hatakujibu ukiwa umeshika kalamu hewani kama askari. Weka kalamu chini.

Tiba yenyewe ya mwili, ile tunayoweza kuitetea, ni ya kawaida kiasi cha kuwachosha wanaotafuta miujiza. Mama akae, mgongo umeegemea, nyayo zimekanyaga chini, macho wazi. Avute pumzi puani kwa hesabu ya 4, aitoe kwa mdomo kama anayepoza uji kwa hesabu ya 6. Hiyo ni pumzi 6 kwa dakika. Dakika 5 zinatosha. Kinachoharibu ni mkufunzi anayesema "vuta kwa nguvu, tena, tena!" Baada ya dakika 2 mama ana kizunguzungu, vidole na midomo inamchonyota, naye anaamini anakufa. Si pepo wala si "hisia zilizofungwa zinatoka", kama wengine wanavyopenda kueleza. Hewa ya kaboni imepungua kwenye damu kwa kupumua kupita kiasi, na dawa yake ni kupunguza mwendo, hasa kurefusha pumzi ya kutoka.

Kulegeza misuli kunafuata: kunja ngumi sekunde 5, achia sekunde 20, kisha mabega, kisha uso. Mimba ikishavuka nusu, mama asilazwe chali. Mfuko wa uzazi hulala juu ya mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, naye hupauka na kusikia kichefuchefu. Alale ubavu wa kushoto. Miguuni asinyooshe vidole, atabanwa na misuli ya shavu la mguu usiku kucha. Tumbo na nyonga hatuvikazi.

Na kwa nini macho wazi? Kwa sababu aliyewahi kubakwa au kupigwa, ukimwambia "funga macho, usikie mwili wako", unamrudisha kule alikotoka. Anza na mikono au nyayo, sehemu zilizo mbali na jeraha. Akiganda, akiangalia mbali, pumzi ikiwa fupi, mwite jina lake, mwambie alipo na leo ni siku gani, mpe kitu baridi ashike, muulize anaona rangi gani ukutani. Usimdadisi. Kazi ya siku hiyo imekwisha.

Kugusa ndiko kunakotaka saa nyingi kuliko yote, na ndiko kozi za mtandao zinakokuruka. Mwanafunzi abonyeze mizani ya jikoni akiwa amefumba macho hadi aweze kutofautisha gramu 50, 200 na 500. Wengi wanaodhani wanagusa kwa wepesi wako karibu na nusu kilo. Halafu ajifunze kuomba ruhusa. Tatizo la kwetu ni kwamba "sawa, nesi" ya mama wodini mara nyingi ni heshima tu. Mama hana njia ya kumkatalia aliyevaa sare. Kwa hiyo usimwulize "nikuguse?" Mpe mlango wa kutokea: "Mama, niweke mkono begani, au kiganjani, au nisikuguse kabisa?" Jibu la tatu likiwa limetajwa na wewe, anaweza kulichagua bila kuonekana mkaidi. Kisha tazama vidole vya miguu. Mdomo ukisema sawa huku vidole vimejikunja, si sawa.

Kanuni hiyohiyo iende hadi kwenye kupimwa njia ya uzazi. Kwa mama asiye na tatizo, Shirika la Afya Duniani tangu 2018 linashauri kila saa 4 uchungu ukishakolea, wala si kila mwanafunzi anapopita na glovu. Mfunike kwa khanga, ngoja uchungu upite, mwambie kabla ya kila hatua, kubalianeni kwamba akinyanyua mkono unaacha. Na ukinyanyuliwa, uache kweli. Hapo mkunga anakuwa amefanya tiba ya kupitia mwili bila kulipia cheti.

Tunawaomba wenye mitaala wasimruke mkandaji, yule bibi anayemkanda mama aliyejifungua. Siku arobaini za mzazi, na maji ya moto, taulo, uji wa pilipili manga, na mtu mzima anayeshinda naye, zina karibu kila kitu ambacho vitabu vipya vinakisifu: mguso, joto, pumziko, kutoachwa peke yake. Dharau ya wahitimu kwa bibi huyu haina msingi. Lakini awekewe mipaka minne mitano. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde kama 5, kwa hiyo kiwiko kwanza kabla ya taulo. Tumbo lililopasuliwa halikandwi. Msamba ulioshonwa hauchomwi kwa mvuke. Pedi ikilowa chapa ndani ya saa moja, au joto likipanda, au damu ikitoa harufu, kukanda kunaishia hapo na gari linaitwa. Na mkandaji ndiye wa kwanza kuona mzazi anayemtazama mtoto kama mzigo wa jirani. Afundishwe pa kumpeleka.

Kuhusu muda wa mafunzo, tazameni Pakistani. Mwaka 2008 Atif Rahman na wenzake walichapisha matokeo ya wahudumu wa afya wa vijijini waliowatembelea akina mama wenye sonona majumbani. Miezi 6 baada ya kujifungua, waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23, dhidi ya 53 kwa waliotembelewa kawaida. Wauza kozi hupenda kutaja kwamba wahudumu wale walifundishwa siku chache tu. Hawataji kwamba baada ya hapo walikutana na wasimamizi kila mwezi kujadili akina mama waliokuwa nao. Tena ile ilikuwa kazi ya mazungumzo, isiyo na kumshika mtu. Kwa kazi ya mikono tungetaka mkufunzi 1 kwa wanafunzi 6, saa zisizopungua 40 za vitendo, mama halisi chini ya usimamizi, na mwaka mmoja wa vikao vya kila mwezi. Kenya ina sheria ya wanasihi na wanasaikolojia tangu 2014 na bodi ya kuisimamia, hivyo mwanafunzi ana pa kuulizia kama cheti chake kinamruhusu kufanya kazi.

Anayeona tangazo leo, kabla hajatuma hela, amuulize mwenye kozi maswali haya kwa ujumbe uleule wa simu. Nitamgusa nani, na wewe utakuwa chumba gani? Mama akiganda katikati ya zoezi nifanye nini? Ni akina nani hawatakiwi kufanyiwa hili? Na mwezi wa tatu baada ya kozi, saa nne usiku, nikiwa na mama aliyejibu swali la 10 kwa alama 2, namba ya nani itapokelewa?

Wakufunzi wa ukunga na unasihi,
Dar es Salaam